Kolkata hadi Darjeeling: kutoka Shashthi mpaka mwezi mpevu

Durga Puja, sikukuu ya Wahindu wa Bengal ya mungu wa kike Durga, haina tarehe ya kudumu. Huangukia mwishoni mwa Septemba au ndani ya Oktoba, katika mwezi wa Ashwin wa kalenda ya Kihindu, wakati mwezi wa angani unakua, na kila siku yake, kuanzia Shashthi (ya sita) kupitia Saptami, Ashtami na Navami hadi Dashami (ya kumi), ni tithi, yaani kipimo cha mwendo wa mwezi. Tithi moja hudumu kati ya saa 19 na 26, hivyo Ashtami inaweza kuanza leo adhuhuri na kwisha kesho asubuhi. Anayejua saa hizo ni panjika, almanaka ya Wabengali. Tena panjika kuu ni mbili, Bisuddha Siddhanta na Gupta Press, na miaka mingine hutofautiana kwa saa kadhaa. Kwa hiyo usiamini ratiba iliyochapwa na hoteli. Nenda kwenye pandali, kibanda cha ibada kilicho karibu na unapolala, usome saa walizobandika mlangoni. Kamati ya mtaa huo itafuata hizo na si nyingine.

Wabengali husema Durga huja kwa wazazi wake na watoto wanne, Ganesh, Kartik, Lakshmi na Saraswati, na siku ya Dashami hurudi milimani Kailash kwa mumewe, Shiva. Safari hii inamfuata njia hiyohiyo: siku tano mjini, kisha mlimani. Wengi hudhani Dashami ikipita sherehe imekwisha, wakapanda Darjeeling kutazama mandhari tu. Kumbe kule juu, kwa watu wanaozungumza Kinepali, Dashain, sikukuu yao ya Durga, huendelea hadi mwezi mpevu.

Tiketi za treni ndizo zinazoamua kila kitu. Shirika la reli hufungua mauzo siku 60 kabla ya safari (hadi Oktoba 2024 zilikuwa siku 120), na treni za usiku kwenda New Jalpaiguri, stesheni ya chini ya mlima, katika wiki ya Puja huisha dakika chache baada ya dirisha kufunguliwa, kwa sababu nusu ya Kolkata nayo inapanda mlimani. Jifunze vifupisho viwili. RAC maana yake umepata nafasi ya kukaa, ukigawana kitanda cha pembeni na abiria mwingine, na unaruhusiwa kupanda. WL ni foleni ya kusubiri: tiketi ya mtandaoni ikibaki WL baada ya orodha ya mwisho kutoka, inafutwa yenyewe, pesa zinarudi, na huruhusiwi kupanda. Nafasi za dharura, Tatkal, hufunguliwa siku moja kabla: saa nne asubuhi kwa mabehewa yenye kiyoyozi, saa tano kwa yasiyo nacho. Saa zote humu ni za Kiswahili kwa majira ya India, yaliyo mbele ya Afrika Mashariki kwa saa mbili na nusu.

Wenye pasipoti za Tanzania na Kenya huomba viza mtandaoni. Anayetoka Kenya, Uganda, Burundi au Kongo abebe kadi ya njano, na chanjo iwe imechomwa angalau siku 10 kabla. Asiye nayo anaweza kuwekwa karantini.

Siku ya kwanza, Shashthi: Kumartuli na kaskazini mwa jiji

Shuka metro ya Mstari wa Bluu kituo cha Shobhabazar Sutanuti, kisha tembea kuelekea mtoni hadi Kumartuli, mtaa wa wafinyanzi wa sanamu. Usihuzunike ukikuta sanamu kubwa za Durga zimeshachukuliwa. Hii ndiyo siku nzuri ya kuona kazi yenyewe, maana vichochoro vimepungua watu na mafundi wamegeukia sanamu za Lakshmi wa mwezi mpevu na za mungu wa kike Kali wa usiku usio na mwezi. Kila hatua iko wazi mbele yako: kiunzi cha mianzi na mbao; mwili wa nyasi za mpunga uliofungwa kwa kamba ya juti; tabaka la kwanza la udongo wa kunata uliochanganywa na pumba za mpunga; kisha udongo laini zaidi wenye nyuzi za juti. Unapokauka hupasuka. Fundi huziba nyufa kwa vitambaa vilivyochovywa kwenye uji wa udongo, na asiyefanya hivyo vidole vya sanamu yake hukatika njiani. Ndipo huja chokaa, rangi, nywele za juti, na mapambo ya shola, kiini cheupe cha mmea wa majini. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha, na usisimame katikati ya njia: sanamu huja kwa mabega ya watu na hazina breki.

Jioni kuhani hufanya Bodhon, ibada ya kumwamsha Durga, na uso wake hufunuliwa. Baada ya hapo zunguka kwa miguu: Kumartuli Park, Ahiritola, halafu Bagbazar. Ya Bagbazar ndiyo ningekuambia usiikose. Pandali nyingi siku hizi hushindana kwa dhamira, mwaka huu jumba la kioo, mwaka ujao kijiji kizima kimejengwa barabarani. Bagbazar imebaki na sanamu ya kale, Durga na wanawe wote chini ya tao moja, amepambwa kwa karatasi za fedha. Mwaka 2021 UNESCO ilipoiingiza Durga Puja ya Kolkata kwenye orodha ya urithi usioshikika, ni mambo haya mawili kwa pamoja yaliyotambuliwa, ibada na sanaa ya mtaani.

Yanayoharibika usiku wa kwanza: vizuizi vya polisi huelekeza watu njia moja, hivyo ukitengana na mwenzako humrudii kwa kugeuka nyuma. Simu nazo hukwama kwa wingi wa watu. Kubalianeni mahali pa kukutana, mlango namba fulani wa kituo cha metro, kabla ya kuingia kwenye foleni.

Siku ya pili, Saptami: mgomba unaoga

Amka saa kumi na nusu alfajiri uende Bagbazar Ghat au Ahiritola Ghat, ngazi za kushukia Mto Hooghly, ambao kwa Wabengali ndio Ganga. Vikundi vya mitaa hufika na wapiga dhak, ngoma kubwa za mti zilizopambwa kwa manyoya, wakiwa wamebeba mgomba mchanga. Mgomba huo umefungwa pamoja na mimea mingine minane: magimbi ya aina mbili, manjano, mpunga, komamanga, bel, ashoka na jayanti. Unaogeshwa mtoni, unavikwa sari nyeupe yenye pindo jekundu, kisha unarudishwa na kusimamishwa kuumeni kwa Ganesh. Wengi humdhania mke wa Ganesh. Kwa kuhani, huyo ni Durga mwenyewe katika umbo la mazao ya shamba, na ibada ya Saptami haiwezi kuanza kabla hajaingia. Ngazi za ghat huteleza sana kwa tope la mto. Vaa viatu vyenye meno, simama pembeni juu, usishuke hadi ngazi ya mwisho maji yakiwa yanajaa.

Mchana lala. Nasema hivi kwa dhati, kwa sababu pandali huonekana vizuri kati ya saa saba usiku na saa kumi alfajiri, familia zenye watoto zikiwa zimerudi nyumbani, na Mstari wa Bluu kwa kawaida hukesha ukifanya kazi kuanzia Saptami hadi Navami. Shukia Kalighat, fuata Rash Behari Avenue kuelekea mashariki: Deshapriya Park, Tridhara, kisha hadi Gariahat kwenye Ekdalia Evergreen na Singhi Park. Ni kama kilomita mbili, ila kwa umati ule hesabu saa tatu au nne.

Siku ya tatu, Ashtami

Hii ndiyo siku yenye uzito kuliko zote, na ndiyo inayohitaji panjika kuliko zote.

Asubuhi kuna anjali. Watu hufika wameoga, wamefunga, wamevaa nguo mpya. Kuhani hugawa maua na majani ya bel mkononi, husoma maneno kwa Kisanskriti, wote wakiyarudia, kisha maua hutupwa kuelekea sanamu. Hivyo mara tatu. Mgeni anakaribishwa. Vua viatu, pokea maua kwa mikono miwili, usiyanuse (ua lililonuswa halitolewi tena), na ukikosa kuyafikisha mbele mkabidhi mwenye kapu. Mchana hufuata bhog: khichuri ya mchele na dengu, mboga za mchanganyiko, chatne ya nyanya na payesh, wali wa maziwa. Katika mitaa mingi hupewa kwa kuponi inayotolewa asubuhi, kwa hiyo uliza kuponi kabla ya anjali na si baada yake.

Upande wa pili wa mto, kwenye makao ya watawa ya Belur Math, hufanyika Kumari Puja, ambapo msichana mdogo huabudiwa kama mungu wa kike. Mtawa Swami Vivekananda aliianzisha hapo mwaka 1901. Lazima uwe umefika mapema mno asubuhi. Hapo huwezi kuwahi pia anjali ya mjini. Chagua moja. Mimi huchagua anjali ya mtaani, ambako unashiriki badala ya kutazama kwa mbali.

Sandhi Puja ndiyo kilele. Huchukua dakika 24 za mwisho za Ashtami na dakika 24 za kwanza za Navami, jumla 48, kwa sababu inaaminika ndipo Durga alipowaua mashetani Chanda na Munda. Huwashwa taa 108 za udongo na hutolewa maua 108 ya yungiyungi. Dakika hizo zinaweza kuangukia saa sita mchana au saa tisa usiku. Hazisogezwi kwa ajili ya mtu yeyote. Nenda kwenye pandali ndogo ya mtaani au nyumba ya kale, maana kwenye zile kubwa wageni husukumwa wapite hata ibada ikiwa inaendelea. Fika nusu saa kabla uone wanawake wakipanga taa na kutia tambi.

Siku ya nne, Navami

Asubuhi nenda Shobhabazar Rajbari, nyumba ambayo Nabakrishna Deb alianzisha Puja yake mwaka 1757. Ua wa ndani, nguzo, na sanamu mwisho wa ua: mpangilio huu ndio mama wa pandali zote za leo. Mchana Wabengali wengi hula mbuzi, na mikahawa hujaa. Kula kabla ya saa sita.

Usiku ni wa dhunuchi. Hicho ni chetezo kikubwa cha udongo. Chini huwekwa makumbi ya nazi, yanawashwa hadi yawe makaa, kisha hunyunyiziwa utomvu mkavu wa mti wa sal, na moshi mzito mweupe hupanda. Wachezaji hukishika mkononi, wengine hukiuma kwa meno, wakienda na dhak. Cheche huruka. Nguo za nailoni hutoboka na kushika mwili, kwa hiyo vaa pamba. Pandali yenyewe ni mianzi na kitambaa: tazama mlango wa kutokea ulipo kabla ya kujisahau kwenye ngoma.

Siku ya tano, Dashami: mtoni, kisha Sealdah

Acha mizigo stoo ya hoteli na tiketi iwe mfukoni tangu asubuhi. Kuagwa kwa Durga huanza kimya kimya: kuhani huweka kioo ndani ya bakuli la maji ili sura ya sanamu ionekane humo, na kwa kanuni hapo ndipo Durga ameshaondoka. Kinachofuata ni cha wanawake. Humpangusa uso kwa majani ya tambuu, humlisha peremende mdomoni, humpaka sinduri, unga mwekundu, kisha wanawake walioolewa hupakana sinduri wao kwa wao. Hata mtazamaji atapakwa. Unga huo hautoki kwenye kitambaa cheupe, na aina za bei rahisi zina kemikali kali. Funga macho na usijipanguse kwa kiganja kilichopakwa.

Jioni uko Babughat au Baje Kadamtala Ghat. Sanamu hushushwa kwenye lori, huzungushwa, husukumwa majini kwa kelele za "asche bochor abar hobe", mwakani tena. Kreni husubiri kando, huvuta viunzi kutoka majini mara moja ili rangi na mapambo visioze mtoni; maua hutengwa kwenye mapipa yake kabla.

Barabara za kando ya mto hufungwa au husimama kabisa. Wanaokosa treni usiku huu hukosa kwa sababu moja, walitafuta teksi. Tembea kutoka Babughat hadi Esplanade, panda Mstari wa Kijani wa metro, ushuke Sealdah, stesheni ya treni yako ya usiku. Sehemu hiyo ya Esplanade hadi Sealdah ilifunguliwa Agosti 2025 na ndiyo wokovu wa Dashami. Hakikisha saa ya treni ya mwisho ya metro, kwani usiku wa kukesha umeisha jana. Darjeeling Mail huondoka baada ya saa nne usiku na kufika New Jalpaiguri asubuhi, karibu saa mbili.

Siku ya sita: kupanda

Reli ndogo ya Darjeeling ilijengwa kati ya 1879 na 1881, na njia yake ina upana wa milimita 610 tu. Reli ya Kati ya zamani ya Tanzania ina milimita 1,000. Treni ya kutoka New Jalpaiguri huanza saa nne asubuhi na huchukua zaidi ya saa saba kwa kilomita 88. Treni ya usiku ikichelewa umeikosa, na mvua ikibomoa mlima njia hiyo husitishwa kwa wiki nyingi. Panda kwa gari, ile reli ifanye huko juu.

Nje ya stesheni kuna jeep za kuchangia: abiria 10, wawili mbele, wanne katikati, wanne nyuma. Kiti cha nyuma kabisa ndicho kinachotapisha watu. Omba cha mbele au cha katikati dirishani, au lipia viti viwili. Barabara ya Rohini hupitia Kurseong na Ghum. Saa tatu ikiwa wazi, tano wiki hii ya likizo. Darjeeling iko takriban mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo kichefuchefu ni cha kona na si cha mwinuko.

Kuhusu mvua sitanii hata kidogo. Usiku wa tarehe 4 kuamkia 5 Oktoba 2025, siku mbili tu baada ya Dashami, mvua kubwa iliangusha milima wilayani Darjeeling, watu zaidi ya 20 walikufa, na daraja la Dudhia kwenye njia ya Mirik lilikatika. Mvua ikipiga usiku kucha, usisafiri asubuhi kabla ya kumuuliza mwenye nyumba na watu wa stendi ya magari ni barabara ipi imefungwa. Usipande baada ya giza.

Siku ya saba: Mahakal na tika

Panda kilima cha Observatory, nyuma ya uwanja wa Chowrasta, hadi hekalu la Mahakal. Hapa ndipo palipokuwa na monasteri ya Dorje-ling, iliyoupa mji jina. Kuhani wa Kihindu na lama wa Kibudha huhudumu kwenye madhabahu moja, kengele na bendera za sala vikiwa pamoja. Nyani wa pale hunyang'anya. Usibebe ndizi wala mfuko wa plastiki mkononi.

Kwenye nyumba za Wagorkha, yaani hao wanaozungumza Kinepali, tika inaendelea hadi mwezi mpevu. Ni mchele uliochanganywa na mtindi, nyingi zikiwa nyekundu kwa sinduri, lakini koo nyingine huutumia mweupe. Mkubwa humbandika mdogo kwenye paji la uso, humchomeka jamara, machipukizi ya shayiri yaliyooteshwa gizani siku tisa, humwombea dua na kumpa pesa kidogo. Mwenye nyumba ya kulala wageni akikualika, inamisha kichwa, pokea kwa mikono miwili, usifute mbele yake. Ukiona nyumba haina tika usiulize sababu. Familia yenye msiba mwaka huo haisherehekei.

Siku ya nane: Tiger Hill, na Ghum

Jua la Oktoba huchomoza karibu saa kumi na moja na nusu. Magari huondoka saa tisa na nusu usiku, na yote hukutana kwenye barabara moja Ghum. Aliyeondoka saa kumi na robo huliona jua akiwa foleni. Uliza jioni kuhusu kibali cha gari, kwani idadi ya magari hudhibitiwa. Juu, mita 2,590, geuza mgongo wako kwa jua: kinachostahili kutazamwa ni Kanchenjunga, mita 8,586, mlima wa tatu kwa urefu duniani, unaoshika rangi kabla jua halijaonekana. Puja ikiangukia Septemba, mlima unaweza kujificha siku zote; ikiwa katikati ya Oktoba au baadaye, uwezekano ni mzuri zaidi. Ukiona mawingu saa tisa usiku, rudi kulala, kisha asubuhi zunguka njia ya nyuma ya Observatory kwa miguu. Mlima uleule, bila gari wala malipo.

Siku ya tisa: reli na chai

Treni ya matembezi hutoka Darjeeling hadi Ghum na kurudi, takriban saa mbili. Lipia ya mvuke. Vichwa vya daraja B, ambavyo vya kwanza vilitengenezwa 1889, hupanda bila reli ya meno wala kamba ya kuvuta, na siku za ukungu watu hukaa mbele wakinyunyiza mchanga kwenye reli ili magurudumu yasiteleze. Kaa mbali na kichwa cha treni, moshi wa makaa huingia machoni. Kwenye Batasia, mzunguko uliojengwa 1919, husimama dakika chache. Ghum yenyewe, mita 2,258, ndiyo stesheni iliyo juu kuliko zote India.

Mchana shuka shamba la Happy Valley. Uliza kwanza kama kiwanda kinafanya kazi; likizo ya Puja na mgogoro wa bonasi za wachumaji hufunga mashamba, na tarehe 30 Septemba 2024 mgomo huo ulifunga milima yote kwa saa 12. Kikiwa wazi, utaona majani yakinyaushwa kwa zaidi ya nusu siku kabla ya kusokotwa. Nunua mavuno ya vuli ya mwaka huu, na tazama nembo ya Darjeeling kwenye pakiti. Maji yasitokote kabisa, dakika tatu zinatosha, na maziwa huiua.

Siku ya kumi, mwezi mpevu: kushuka

Leo ni siku ya mwisho ya tika, na Wabengali wa Siliguri, mji wa chini ya mlima, wanamwekea Lakshmi nyayo za unga wa mchele kuanzia mlangoni. Kwenda uwanja wa Bagdogra hesabu saa sita kati ya kuondoka Darjeeling na ndege kuruka, hata kama dereva atakuambia tatu. Uwanja huo ni wa jeshi la anga pia, picha za njia ya ndege haziruhusiwi. Chai iwe kwenye mkoba wa mkononi, sinduri iliyobaki iwe ndani ya mifuko miwili iliyofungwa.